Mnyororo wa Yadi Kumi

"Futi ishirini na tisa," alisema Shemasi Tillery, akiwa amepiga magoti kwenye nyasi za ua wa kanisa, kidole gumba kimebana utepe wa chuma. "Na kitu kidogo. Hata hicho kitu kidogo nakuongezea kwa upendo wa Kikristo."

"Pima tena," alisema Lucious Gathings.

"Nimepima mara tatu, ndugu yangu. Utepe huu nimeununua juzi. Mnyororo wako ndio uliokonda."

Vijana wawili waliokuwa wakishusha nguzo za hema walicheka. Lucious hakucheka. Kanisa lilikuwa limekodi hema la futi thelathini kwa sitini, na dakika kumi tu zilizopita yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia Shemasi autie utepe wake mfukoni, kwa kuwa mnyororo ni kipimo cha sheria: yadi kumi, futi thelathini, hazipungui wala hazizidi. Hakuna mtu katika mji wa Holloway ambaye angembishia. Kwa miaka kumi na minane, kila Ijumaa ya msimu wa mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi, Lucious alishika ncha moja ya mnyororo ule katika uwanja wa shule ya sekondari. Waamuzi walipotilia shaka kama timu imezifikisha yadi kumi inazotakiwa kuusogeza mpira, walimwita yeye. Na uwanja mzima, weupe kwa weusi, mwenye mabwawa ya samaki na mchuna kambare, ulinyamaza kumngoja autandaze.

Miaka tisa iliyopita mashine ya kukatia nyasi iliukanyaga mnyororo huo, ikazisaga pete zake kadhaa. Lucious ndiye aliyeutengeneza. Alizikata pete zilizosagika, akaziunga ncha mbili kwa kulabu ya chuma, akaapa kwamba kulabu ile inafidia urefu uliopotea. Hakupima. Mtu aliyezaliwa na kipimo mkononi, apime nini? Shule iliponunua mnyororo mpya, ule wa zamani alipewa yeye kuwa kumbukumbu.

"Unajua maana yake?" Shemasi aliendelea, akiukunja utepe. "Ile mechi tuliyowafunga watu wa Greenlee kwa upana wa kidole, wakatulaani hadi leo. Kumbe walikuwa na haki. Nitawaandikia barua."

Lakini Lucious hakuwa akimsikia. Alikuwa akiiona njia ya mbio nyuma ya nyumba yake, ile aliyoipima mwezi wa Desemba kwa kuutandaza mnyororo mara nne, kigingi hapa, kigingi kule.

"Niazime huo utepe," alisema.

Alipofika nyumbani aliipima njia peke yake, akitambaa kama mtu aliyeangusha sindano. Futi mia moja na kumi na sita. Yadi arobaini ni futi mia moja na ishirini. Njia ya mwongo ni fupi, wasema wahenga. Yake ilikuwa imepungua futi nne, na kesho yake saa nne asubuhi mwanawe angekimbia mbele ya wapimaji wa ligi ya kulipwa.

Verlene alirudi kutoka kiwanda cha kambare saa kumi na moja, mikono yake ikinuka ndimu aliyoisugulia ili kuondoa harufu ya samaki. Alimkuta mumewe ndani ya gari, injini imezimwa, mikono yote miwili iko kwenye usukani.

"Umefukuzwa kazi?"

"Hapana."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Verlene."

"Basi shuka. Unaniogopesha."

Alishuka, akamweleza. Alimweleza akitazama viatu vyake. Verlene alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaketi kwenye kidato cha mlango wa jikoni, mkoba wake bado begani.

"Futi nne ni nini kwa mtoto anayekimbia vile?"

"Ni sehemu ya kumi ya sekunde, na ushei. Nimepiga hesabu mara sita. Zile sekunde nne nukta nne moja anazokimbia kila siku, kwa kweli ni nne nukta tano tatu."

Verlene hakuhitaji kufafanuliwa. Wakala wa kijana, Bwana Boyd, alikuwa amelisema jambo hilo mara nyingi mno kwenye simu hata paka wa nyumba alilijua. Tavoris, mwana wao, alikuwa mdakaji: kazi yake kukimbia pembeni mwa uwanja na kuunyaka mpira unaorushwa kutoka mbali. Mdakaji mrefu huhurumiwa. Mdakaji mfupi hula kwa miguu yake. Akikimbia chini ya nne nukta nne tano, Bwana Boyd alisema, timu zitamteua katika raundi ya tatu ya uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi. Akivuka nne nukta tano, kwa mwili ule, simu haitalia. Na simu isipolia, meneja wa mabwawa alikwisha kumwekea nafasi ya kulisha samaki kuanzia mwezi wa Juni.

"Mwambie," alisema Verlene.

"Nikimwambia leo, kesho atakimbia na mawe miguuni."

"Na usipomwambia?"

"Atakimbia vile alivyo."

"Halafu atakuwa mwongo. Umesahau? Mwezi wa pili yule mzee mpimaji, yule Krause, aliketi kwenye meza yangu. Akamwuliza, unakimbia ngapi? Mtoto akasema nne nukta nne moja. Nawe ukadakia, 'Nimempima mwenyewe, bwana.' Mimi nilikuwa nikimwongezea mkate wa mahindi. Nilimwona akiandika, Lucious. Aliandika kwa wino."

Lucious alirudi kuvitazama viatu vyake.

"Na Bwana Boyd alipotaka kumpeleka Florida akafundishwe na watu wenye mitambo, ni nani aliyekataa?"

"Verlene."

"Nani aliyesema, 'Huko Florida watampima kwa kitu gani ambacho mimi sina?'"

"Nimesema nimekosa."

"Umeniambia mimi. Mimi sikimbii."

Tavoris alirudi kutoka kunyolewa, shingo yake imepakwa poda, akavuta kiti kabla hajanawa. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili na alikula kama watu watatu: kambare wa kukaanga, mboga za majani zilizochemshwa na shingo ya bata mzinga, mkate wa mahindi. Jioni hiyo alikula kidogo. Ndipo Lucious alipotambua kwamba hata yeye aliogopa.

"Mzee, mbona umekaa kama mtu aliyekula samaki wa jana?" kijana alimchokoza.

"Nimechoka tu."

"Kinyozi ameniambia nikikimbia nne nukta tatu tisa atanyoa ukoo mzima bure. Nikamwambia awahurumie watoto wake." Kisha sauti yake ikashuka. "Baba. Kesho usimame kule mwisho wa mstari, nyuma ya kamba. Nikikuona wewe, nitajua ninakokwenda."

"Nitasimama," alisema Lucious.

Verlene alikifunika chungu kwa nguvu hata kifuniko kikaruka. Hapana aliyekiokota kwa muda.

Ukumbi wa mazoezi wa chuo alikosoma Tavoris ulikuwa mkubwa kama ghala la pamba, sakafu yake imetandikwa nyasi za bandia zilizojaa chembe nyeusi za mpira. Wapimaji ishirini na wawili walikuwa wamewasili kutoka timu za pande zote za nchi, kila mmoja na kofia yake, daftari lake, na saa yake ya kubonyeza ikining'inia shingoni. Wazazi waliwekwa nyuma ya kamba ya njano. Lucious na Verlene walipewa vitambulisho vya karatasi vilivyoandikwa MGENI, ijapokuwa mtoto wao alikuwa amekichezea chuo kile miaka minne.

Wachezaji waliitwa mmoja mmoja, wakiwa wamevaa kaptula tu. Walisimamishwa ukutani wakapimwa urefu, wakapandishwa kwenye mizani, wakanyoshwa mikono. Mtu mmoja alipima kiganja kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, mwingine akaitangaza namba kwa sauti, wa tatu akaandika. Wote walimzunguka kijana bila haraka, wakimtazama magoti na mgongo. Verlene aliugeuza uso wake. Bibi yake aliwahi kusema kwamba kuna vipimo ambavyo watu wao walikwisha kupimwa vya kutosha, tangu minada ya watumwa.

"Gathings. Futi tano, inchi tisa na nusu," alitangaza msomaji.

"Na nusu," Lucious alinong'ona, kana kwamba ile nusu ilikuwa mtoto mchanga asiyepaswa kusahauliwa.

Mzee Wendell Krause aliifuata kamba, akisalimia wazazi. Alikuwa mtu mweupe, mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na alikuwa amefanya kazi ya kupima vijana kwa miaka thelathini na moja.

"Bwana Gathings. Mama. Ule mkate bado naukumbuka." Alifungua daftari lake, akatafuta ukurasa. "Haya. Leo tunaiona ile nne nukta nne moja?"

Mlango wa kukiri ulikuwa wazi. Neno moja tu lingetosha. Lucious aliusikia mkono wa Verlene ukimkamata kiwiko.

"Hapa si nyumbani, bwana," alisema.

Mzee Krause alimtazama juu ya miwani kwa muda uliozidi kidogo ule wa adabu. "Yadi arobaini ni yadi arobaini popote," alisema, akaenda zake.

Verlene aliutoa mkono wake kwenye kiwiko cha mumewe.

Tavoris aliinama kwenye mstari. Wapimaji walipanga safu kule mwisho, vidole gumba vyao tayari. Lucious alisimama alipoahidi kusimama. Kijana alichomoka, na kwa kitambo kile kifupi Lucious alisahau kila kitu, maana hakuna kilichokuwa kizuri kama miguu ile. Kisha saa ishirini na mbili zikabonyezwa kwa pamoja, mlio mmoja kama wa panzi, na wapimaji wakaanza kuchungulia saa za wenzao. Mmoja alikunja midomo. Mwingine alifunga daftari.

"Nne nukta tano nne."

Alikimbia mara ya pili. "Nne nukta tano tatu."

"Hapana," alisema Tavoris, akihema. "Samahani, bwana. Pimeni tena. Kuna kosa."

"Kila mtu mara mbili," alisema mpimaji mmoja.

Mpimaji kijana mwenye kofia ya rangi ya machungwa, aliyekuwa akitafuna ubani, alimwuliza kwa upole wa bandia, "Ile nne nukta nne moja umeisahau nyumbani? Tutume mtu akaichukue?"

Wenzake walicheka kidogo. Mzee Krause hakucheka. "Ni nani aliyekupimia, mwanangu?"

"Baba yangu, bwana."

"Huwa anakosea?"

Tavoris aliinua kichwa. "Baba yangu ameshika mnyororo miaka kumi na minane. Hakosei."

Sauti ile ilikwenda hadi nyuma ya kamba na kupita. Mzazi mmoja alimgeukia Lucious akampa tabasamu la kumpongeza.

Mazoezi ya kudaka yalifuata. Mdakaji alitakiwa akimbie yadi kumi kamili, akate kona ghafla kuelekea pembeni, na mpira uliokwisha kurushwa umkute pale pale. Mrushaji haangalii mtu, hurushia mahali. Mara ya kwanza Tavoris alikata kona kabla ya mstari, mpira ukapita mbele ya vidole vyake. Mara ya pili alikata mapema tena, akaunyaka kwa kujirusha. Ya tatu vivyo hivyo, na ya nne, na ya tano.

"Hajui umbali," alisema yule wa kofia ya machungwa, akiandika.

Hapo ndipo Lucious alipoelewa. Nyumbani, tangu Desemba, kona zile alimfundisha yeye mwenyewe, asubuhi baada ya asubuhi, kwa mnyororo uleule. Hakuwa amemwibia mwanawe mwendo peke yake. Alikuwa amemtia uongo katika nyayo.

Aligeuka akatoka nje kwenda kwenye gari, ambako mnyororo ulikuwa umebaki tangu jana. Verlene hakumwuliza aendako. Aliporudi alikuwa ameubeba mnyororo mikononi kama mtu aliyebeba nyoka mzito, naye akainama kupita chini ya kamba.

"Mzee." Mlinzi alimzuia, mkono mmoja mbele, mwingine kiunoni. "Wageni hubaki nyuma."

"Nampelekea Bwana Krause kitu."

"Kitu gani hicho? Minyororo? Weka chini. Weka chini polepole, nione mikono yako."

Lucious aliuweka chini, akaionyesha mikono yake. Alijua kwamba kila mtu anamwona, na kwamba kijana aliyesimama katikati ya uwanja akiwa na mpira kwapani anamwona pia.

"Mwache," alisema mzee Krause kutoka mbali. "Mwache aje."

Lucious aliutandaza mnyororo kando ya mstari mweupe wa uwanja, kama alivyoutandaza mara elfu. Ncha moja aliiweka kwenye alama. Ncha ya pili haikufika kwenye alama ya yadi kumi. Ilibaki futi moja ya nyasi tupu, na futi ile ilionekana ndefu kuliko barabara ya kwenda Memphis.

"Hiki ndicho kipimo alichopimiwa," alisema. "Kilikatika, nikakiunga mwenyewe, sikukipima. Njia ya nyumbani imepungua futi nne. Mtoto hakudanganya, bwana. Alikwambia alichoambiwa. Yeye hajui hadi sasa hivi."

"Wewe umejua lini?"

"Jana."

"Na asubuhi hii nilipokuuliza?"

"Nilijua. Niliogopa."

Yule wa kofia ya machungwa alikuwa amechuchumaa kwenye kile kipande cha nyasi tupu, akikipima kwa kiatu chake. "Jamani. Shule hiyo ilishinda mechi ngapi kwa sadaka?" Kicheko kilizagaa safu nzima, na safari hii hapana aliyekificha. Tavoris hakumtazama baba yake. Alikuwa akiutazama mnyororo.

Mzee Krause alingoja kicheko kiishe. "Mwanangu, njoo. Nyumbani, kona ya yadi kumi ulikuwa ukiikatia wapi?"

Tavoris alinyosha kidole. "Mwisho wa mnyororo, bwana."

Mzee alitembea hadi kwenye njia ambamo Tavoris alikuwa amekimbilia, akauvuta mnyororo mwenyewe, akainama kwa taabu. Pale kijana alipokatia kona, kiatu kilikuwa kimezichimbua zile chembe nyeusi za mpira na kuacha doa jeupe. Doa lilikuwa moja tu. Halikuzidi ukubwa wa sahani. Mara tano zote mguu ulikuwa umetua ndani yake, na ncha ya mnyororo ililala katikati ya doa lile.

"Njooni mtazame," alisema.

Walikuja. Yule wa kofia ya machungwa aliacha kutafuna.

"Asiyejua umbali hukosea kila mahali," alisema mzee Krause. "Huyu amekosea mahali pamoja mara tano. Umekifuta kile ulichoandika?"

"Bado, bwana."

"Kifute." Kisha akamgeukia Tavoris. "Ule mstari mweupe ndio yadi kumi ya kweli. Nenda."

Mara ya kwanza kijana aliupita mstari kwa hatua nzima na mpira ukamgonga bega. Mara ya pili aliupita kwa nusu hatua. Mara ya tatu mguu wake ulitua juu ya rangi nyeupe, akageuka, na mpira ukawa umekwisha kuwepo.

Lucious alianza kutabasamu, lakini mzee Krause aliinua kidole.

"Usifurahi, Bwana Gathings. Mnyororo haukumwongezea mwendo. Bado ni nne nukta tano tatu, na bado ni futi tano na inchi tisa."

"Na nusu," alisema Verlene kutoka nyuma ya kamba.

"Na nusu, mama. Siahidi kitu."

Walisafiri maili sitini bila neno. Mashamba yalikuwa yamelimwa, hayajapandwa, na mashine za mabwawa zilikuwa zikizungusha maji pande zote za barabara. Walipofika, Tavoris alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Utepe wa Shemasi ulikuwa bado umelala kwenye nyasi pale Lucious alipouacha. Kijana aliufungua, akapima, akapima tena kutoka upande wa pili. Aling'oa kigingi cha mwisho kwa mikono, akakipigilia futi nne mbele.

Lucious alimfuata, akasimama mbali kidogo.

"Ulinisikia nikiwaambia hukosei," alisema Tavoris, akiwa bado amempa mgongo.

"Nilikusikia."

"Mbele ya watu wote wale. Ukanyamaza."

"Ndiyo, mwanangu."

"Ningejua jana, ningemwendea yule mzee asubuhi nikamwambia mwenyewe. Basi. Lisingekuwa neno." Alipangusa udongo kwenye kaptula yake. "Usiniombe msamaha leo, baba. Leo nikikusamehe nitakuwa nakudanganya."

"Sawa."

"Saa unayo?"

"Ninayo."

"Basi pima."

Lucious alikwenda kwenye kigingi kipya. Mwanawe alikimbia mara kumi jioni ile, na mara kumi baba, kidole gumba kwenye saa, alimsomea namba ilivyokuwa bila kuipaka mafuta. Wiki tatu zilizofuata walifanya hivyo kila siku. Hakuna namba iliyoshuka chini ya nne nukta tano moja.

Siku ya tatu ya uteuzi iliangukia Jumamosi. Verlene alikuwa amepika tangu alfajiri, si kwa ajili ya sherehe bali kwa sababu hakuweza kukaa. Shemasi Tillery alikuja na keki ya nazi, akaketi karibu na mlango kama mtu aliyekuja msibani asiye na hakika kama maiti imekwisha kufa. Televisheni iliita majina. Raundi ya nne ilipita, ya tano, ya sita. Kila jina lilipoitwa, Tavoris aliitikia kwa kichwa, kana kwamba ni yeye anayeidhinisha. Simu ilikuwa mezani, imelala kifudifudi.

"Wamewaita wadakaji ishirini na tisa," alisema Shemasi, kisha akatamani asingelisema.

Raundi ya saba, ya mwisho, ilikwisha saa kumi na moja jioni. Mtangazaji aliwashukuru watazamaji. Verlene aliinuka akazima televisheni, akaanza kuifunika keki ambayo hapana aliyeikata. Tavoris aliendelea kukitazama kioo cheusi.

"Bwana Boyd alisema huwa wanapiga hata baada ya uteuzi," alisema Lucious. "Kwa wale waliobaki. Huwa wanapiga."

"Alisema pia simu haitalia, baba."

Ikalia.

Ililia mara ya pili, ikitembea yenyewe juu ya meza kwa kutetemeka. Verlene alisimama na kifuniko cha keki mkononi. Tavoris aliigeuza, akaitazama, akaiweka sikioni.

"Ndiyo, bwana. Ni mimi." Alisikiliza. "Ndiyo, bwana. Tulitazama." Alisikiliza tena. Kisha uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mtoto aliyeulizwa swali darasani, na Lucious, kutoka upande wa pili wa chumba, aliisikia ile sauti nzito ya mzee Krause ikiuliza jambo fupi, jambo lile lile aliloliuliza mwezi wa pili kwenye meza ile ile.

Tavoris aliinua macho akamtazama baba yake. Hakuwa amemtazama hivyo kwa wiki tatu.

"Nne nukta tano mbili, bwana," alisema. "Jana jioni. Yadi arobaini kamili."

Alisikiliza, simu ameibana sikioni. Kisha Tavoris alisema, "Ndiyo, bwana. Jumanne, saa moja asubuhi. Wiki moja ya kujaribiwa, bila ahadi. Naelewa. Ndiyo, bwana, nitamwambia."

Aliiweka simu mezani kwa uangalifu, kama yai.

"Amesema tuulete ule mnyororo," alisema. "Anataka kuwaonyesha wapimaji wake wapya."

Shemasi Tillery alicheka kwanza, kisha Verlene, akilia. Lucious hakuweza kucheka bado. Aliutazama mkono wake wa kulia uliolala juu ya paja, akakuta kidole gumba kimebanwa hadi kucha imekuwa nyeupe, kinabonyeza saa isiyokuwepo. Akakiachia.